Bwana Miti na Maji ya Bondeni

Msiba ukitokea kisiwani kwetu, kitu cha kwanza kufichwa kilikuwa kuni. Watu walilia huku wanasukuma magogo uvunguni mwa kitanda, maana walijua Bwana Miti yuko njiani. Naye kweli alikuja. Alivua kofia mlangoni, akakaa na wafiwa chini kwenye mkeka, akalia machozi ya haki, siyo yale ya kujipangusa kwa adabu. Akimaliza kulia alinyanyuka polepole, akazunguka nyuma ya nyumba kwenye mafiga ya msiba, akainama mbele ya sufuria la wali na kuuliza, "Huu mvule umetoka wapi?"

Siku moja mama yangu, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu nimfahamu, alimwambia, "Umetoka mbinguni, baba. Umekuja kumpokea marehemu." Bwana Miti alicheka mpaka akakohoa. Lakini gogo alilichomoa vilevile, linawaka, akalifukia mchangani. Wali wa msiba ule tuliula haujaiva, na shangazi zangu wakiukumbuka mpaka leo wanasonya.

Jina lake lipo, alibatizwa kama mtu mwingine yeyote, ila kwetu halikupata kazi. Mkewe alimwita Bwana Miti, tena mbele ya wageni. Hata padri alimwita hivyo akimpa komunyo. Ni Mhaya wa ng'ambo ya ziwa, Kagera, akaletwa kwetu kuwa ofisa wa misitu. Wenzake waliomtangulia waliletwa, wakaomba uhamisho, wakaondoka na boti ya kwanza waliyoipata. Yeye alikaa, akastaafu, akakaa tena. Ukimuuliza kwa nini harudi kwao kwenye ndizi na kahawa alikuwa na jibu moja tu: "Nikiondoka mtakata." Na jamani, nisiwe mnafiki, tungekata.

Mimi siku hizi naishi Kiseke, Mwanza, nashona nguo. Mteja akikaa kusubiri vazi lake na kuniuliza kisiwani kwenu kuna nini, nashindwa pa kuanzia. Nikianza na samaki nafika kwa huyu mzee. Nikianza na kuni nafika kwake. Nikianza na maji, ndiyo kabisa, hapo mteja ataondoka giza limeingia na suruali haijapigwa pasi.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukipanda mlima unakiona chote, na Ukerewe kubwa kule ng'ambo, ambako boti zetu huenda sokoni Nansio. Kuna msitu kwenye mlima, kuna bonde lenye chemchemi chini yake, kuna matete ghubani, basi. Kila tulichokula, tulichokipika, tulichojengea na tulichojitibia kilitoka kwenye hivyo vitatu, na watu tunazaliana. Mtu akikosa akili kidogo tu mahali pa namna hiyo, wote mnalala njaa. Bwana Miti aliliona hilo kabla yetu. Tulimchukia kwa sababu hiyo, halafu tukampenda, halafu tukamchukia tena.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya msitu. Siku nyingine mlima ulifungwa. Na hiyo Alhamisi uliingia bila panga, bila shoka, bila kamba. Ulichoweza kukivunja kwa mkono na kukibeba kichwani bila kukifunga, hicho chako. Tuliziita kuni za mkono. Sheria hiyo haikutoka wilayani. Alikaa na wazee na akina mama, wakabishana mpaka wakachoka, ikatoka. Lakini alivyoisimamia ungedhani ameshuka nayo Sinai.

Sasa wanawake wa kwetu si wajinga. Wakaanza kufunga kuni kwa kanga. Bwana Miti alilitafakari jambo lile kwa muda mrefu, hata mkewe akasema halali vizuri. Alhamisi iliyofuata akasimama njiani na kutangaza, "Kanga ni nguo. Tulikataza kamba, hatukukataza nguo." Vigelegele! Basi wakaja na kanga mbilimbili zimesokotwa ngumu. Akazishika, akazivuta, akasema, "Hii sasa imeacha kuwa nguo," akawarudisha nazo.

Mwenye msiba na mwenye mtoto mchanga waliruhusiwa kuingia siku yoyote, kwa matawi makavu tu. Ruhusa hiyo ilizaa maajabu. Jirani yetu mmoja alikutwa mlimani Jumatatu akajitetea kwamba ana mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe kasimama pembeni anatafuna muwa. Bwana Miti akaanza na mtoto. "Hujambo, mchanga?" Mtoto akasema, "Sijambo, shikamoo." "Marahaba. Mpeleke mama nyumbani."

Alipenda kutuambia, "Msituni ingia kama mgeni. Mgeni hachungulii chungu." Mama akasema huyo anayesema mgeni hachungulii chungu, vyungu vya misiba yote ya kisiwa hiki amevichungulia yeye.

Mama hakumwonea. Mzee yule alikuwa amejaa vitu visivyopatana. Alitufundisha kujenga jiko banifu la udongo, linalokula vijiti viwili ukaivisha maharage, na aliingia jiko kwa jiko kukagua. Nyumbani kwake ndizi zake zilipikwa kwenye mafiga matatu, moto umetanuliwa miguu, maana ndizi za jiko banifu, alisema, zinaiva lakini hazikubali. Mkewe alikuwa akimwangalia tu. "Muulizeni huyo mwalimu wenu," alituambia sisi wasichana tukienda kuomba majani ya chai, "muulizeni kuni zangu zinatoka wapi." Zilitoka kwenye mti wake mwenyewe, lakini mama yule alipenda kumchoma.

Tena aliogopa ziwa. Mtu amekaa kisiwani miaka yote hiyo, hajui kuogelea, na maji yakizidi magoti anasali. Akiwa na safari ya Nansio au Mwanza alivaa jaketi okozi, lile la rangi ya chungwa, akiwa bado nyumbani kwake, akakatiza nalo kijiji kizima mpaka mwaloni zinakofikia boti. Watoto walimfuata wanapiga makofi. Alijibu salamu zote kwa utulivu, anatafuna punje zake za kahawa za Bukoba, jaketi limempanda mpaka masikioni.

Kwa hiyo aliposema matete ya ghubani yasikatwe upande wa mashariki, maana ndiko sato wanakotagia, wavuvi walimcheka. Mtu anayeogopa maji atawafundisha wao samaki? Upande wa magharibi ulikuwa wa kuezekea na kusukia mikeka, huo aliuacha. Wa mashariki hapana. Wakipitisha nyavu huko alisimama juu ya jiwe na kuwafokea kwa sauti mpaka wenyewe wakaona haya mbele ya wake zao waliokuwa wakianika dagaa. Hakuwa na mtumbwi wa kuwafukuzia, na angekuwa nao asingepanda. Asubuhi walimtukana, jioni walimletea sato mmoja mnono amefungwa kwenye jani. Ndivyo tulivyoishi naye.

Haya, maji.

Alipoletwa kwetu mlima ulikuwa unaisha. Sangara walikuwa wakibanikwa kutwa kucha, mitumbwi mbao zake zilitoka huko huko, na kila aliyejenga alipanda na shoka. Bwana Miti akaona kutukataza peke yake hakutoshi, lazima tupewe miti mingine ya kukata. Wazo zuri, sijasikia anayelikataa mpaka leo. Akaleta miche ya mikaratusi, ambayo sisi tunaiita milingoti, inayokua upesi na kunyooka. Tabu ikawa kumwagilia. Nani abebe ndoo mpaka shambani, juani, kumnywesha mti? Akapata jibu, tukamshangilia: tuipande bondeni kuzunguka chemchemi, maji yako pale pale. Kila nyumba ikapewa mstari wake. Na kila anayekuja kuchota, kopo la kwanza ni la mche, ndipo ajaze ndoo.

Tuliliita kopo la mti. Mimi nimelimwaga utoto wangu wote. Tuligombania mche gani umekua kuliko wa nani, tukaipa majina, na ole wako uonekane unajaza ndoo bila kumwaga kopo. Hata bibi yangu, mgongo umepinda, alimwaga lake na kusema, "Kunywa, mjukuu."

Milingoti ikanywa. Ikapanda juu mpaka shingo ikawa inatuuma kuitazama. Kisiwa kikapata nguzo, fito, kuni za kubanikia samaki. Nyumba zikasimama wima. Mlima ukapumzika, msitu ukafunga, ndege tuliokuwa tukiwasikia kwenye hadithi za wazee wakarudi. Bwana Miti akawa anatembea kifua mbele, na nani angemlaumu? Tulimpa jogoo kila Krismasi.

Kisha kata ya kuchotea ikaanza kugusa tope. Kwanza mwisho wa kiangazi tu. Baadaye katikati ya kiangazi. Baadaye hata mvua zikiwa zimepita karibuni, unakuta akina mama wamekaa wanasubiri kisima kijae, na kinajaa kwa kubembelezwa. Mtu wa Mwanza ataniuliza, mna ziwa zima mbele yenu, mnalia maji? Njoo unywe hayo ya ziwani, ndugu yangu. Mitumbwi inaoshewa humo, samaki wanapasuliwa humo, na mengine siyataji. Chemchemi ndiyo ilikuwa maji yetu ya kunywa, hatukuwa na mengine. Ilipopungua tukaanza kunywa ya ziwa, na kuni za kuchemshia kila siku nani anazo? Kuhara kukaingia, na kichocho. Mtoto wa dada yangu alibebwa mpaka hospitali Sengerema, akiwa mwepesi mikononi. Mungu alimrudisha.

Akina mama ndio waliosema kwanza: ni milingoti. Ee bwana, ilikuwa vita. "Miti inaleta mvua!" Bwana Miti alifoka. "Mnataka nani awaambie? Ni ukame huu, hata Ukerewe upo." Akaagiza kisima kichimbwe zaidi. Kikachimbwa. Maji yakaonekana, yakapotea. Kikachimbwa tena. Ubishi wa Mhaya aliyesoma usiuombe, anaweza kubishana na jua mpaka lizame. Miaka ilipita hivyo, na sisi tukaendelea kumwaga kopo la mti kwenye miti mirefu kuliko kanisa, kwa mazoea tu, mpaka siku moja mama alirudi nyumbani akasema, "Leo sikuwapa. Wamenenepa kuliko mimi."

Sijui usiku gani Bwana Miti alikubaliana na nafsi yake. Tulichoona ni kwamba kiangazi kimoja alishuka bondeni na shoka, akakata mstari wake wote, peke yake, bila kumwambia mtu. Mkewe alikuja kukaa jikoni kwetu analia. Mstari ule ulikuwa akiba yao ya uzeeni. Watu wakasema mzee amechanganyikiwa. Lakini masika yalipopita na kiangazi kingine kikafika, upande ule wa kisima ambako mstari wake ulikuwepo ulibaki na unyevu, na majani mabichi yakaota. Ndipo akaomba mkutano wa kijiji.

Nilikuwepo, nilikuwa msichana mkubwa. Alisimama mbele bila kofia. "Milingoti ya bondeni ikatwe yote," alisema. "Tutapanda mingine juu, kwenye miamba, mbali na maji."

Baba yangu akasimama. Niwaambie kuhusu baba. Mstari wake ndio ulikuwa mrefu kuliko yote, na ndio uliokuwa karibu kabisa na jicho la chemchemi. Alikuwa ameutunza tangu nikiwa mdogo ili apate kenchi za paa la nyumba ya bati. Nyumba yetu ya nyasi ilivuja, na kila ilipovuja baba alisema, "Subirini, miti inanenepa." Alikuwa anasubiri inenepe kidogo tu tena.

"Bwana Miti," baba alisema, "ulituambia panda, tukapanda. Ukatuambia mwagilia, tukamwagilia. Sasa unatuambia kata. Kesho utatuambia nini?"

"Kesho nitakuwa nimekufa, mzee mwenzangu. Ndiyo maana nasema leo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nilikosea," akasema. "Pale siyo pa kupanda mlingoti. Nilikuwa nafikiria miti, sikufikiria maji. Nyinyi mlinishangilia, lakini mlikuwa hamjui, mimi ndiye niliyetumwa kujua."

Kwetu mtu mzima, tena wa serikali, hasimami mbele ya watu kusema hivyo. Hatukujua tumfanye nini. Mwenyekiti wa kijiji akatazama miguu yake. Baba akasema, "Kosa ni lako, kwa nini lilipwe na nyumba yangu?" Akatoka. Na watu wengine wote wakajificha nyuma yake: akikata yeye, nasi tutakata.

Basi Bwana Miti akaanza kuja kwetu. Kila asubuhi. Alibisha hodi, akaketi kwenye kigoda, akasalimiana na baba, wakaulizana hali. Halafu akasema, "Naomba maji ya kunywa."

Mnajua kwetu mgeni akiomba maji. Hukatai hata adui. Na maji yaliyokuwemo mtungini yalikuwa ya ziwa, yana rangi ya chai iliyowekwa maziwa kidogo. Mara ya kwanza mama alitaka kuyachemsha, akasema hapana, msinisumbukie, nipeni hayo hayo. Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, akashukuru, akaaga. Hakutaja miti hata kidogo. Kesho yake akarudi. Akanywa. Keshokutwa akarudi. Baba akaanza kwenda ziwani mapema ili asimkute, lakini Bwana Miti alimsubiri kwenye kigoda, anapiga soga na sisi, anatutania kuhusu wachumba, mpaka baba akarudi amchotee maji mwenyewe.

Mama alikuwa akiliona jambo lile linakoelekea. Mimi sikuliona. Nilidhani mzee anajipendekeza.

Halafu siku moja hakuja. Baba alikaa mlangoni akitazama njia, anajifanya anashona wavu. Adhuhuri ikaja habari kuwa Bwana Miti anaumwa tumbo vibaya, ameharisha hadi hawezi kusimama, na ziwa limechafuka, boti haziwezi kumpeleka popote. Mganga wa zahanati alikuwa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Mama hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alikuwa anapepeta mchele, akaweka ungo chini. "Mgeni amekunywa kwako, sasa anakufa," alisema. "Akifa, jeneza lake utalichonga kwa milingoti ile? Inatosha. Ipo mingi."

Baba alikaa. Kisha akanyanyuka, akachukua shoka lililokuwa limelazwa juu ya ukuta, akashuka bondeni. Nilimfuata kwa mbali. Mti wa kwanza aliupiga huku analia, mwanamume yule ambaye sikumwona akilia hata kwenye msiba wa mama yake mzazi. Nilimwonea huruma nikatamani kumshika mkono asiendelee. Lakini nilikuwa nimemwona pia mtoto wa dada yangu akiwa mwepesi vile. Nikamwacha akate. Jioni hiyo wanaume wengine wakashuka na mashoka yao.

Mke wa Bwana Miti alitusimulia baadaye kwamba mgonjwa alizisikia zile sauti za mashoka akiwa kitandani. Akafungua macho. "Nani anakata?" Akaambiwa. Akasema kwa sauti ya kukauka, "Leo siyo Alhamisi," akageukia ukutani, akalala usingizi wa kwanza tangu augue.

Alipona. Baba alimpelekea mbuzi, na hawakuzungumza juu ya jambo lile tena, ila tangu hapo waliketi pamoja kanisani. Nyumba ya bati ilijengwa, kwa kenchi nyembamba kidogo, na haijaanguka. Mlingoti lakini haufi kwa kukatwa mara moja. Unachipua, unachipua tena kwa hasira. Bwana Miti alizunguka bondeni miaka akivunja machipukizi kwa mkono, mpaka visiki vikakata tamaa. Watu wakamuuliza sasa tupande nini hapa. "Msipande kitu," akasema. "Pakitaka kuota kitu, kitaota." Maji yalirudi taratibu, bila kutangaza.

Mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Miguu ya mkewe imeisha, hatoki tena nyumbani, yeye mwenyewe anatembea kwa fimbo na jicho moja limeingia ukungu. "Shikamoo, Bwana Miti." "Marahaba, binti wa maneno mengi. Bado unashona? Twende ukanishike mkono mpaka bondeni."

Njiani alikuwa na wasiwasi, alipumua kwa shida lakini hakutaka kupumzika. Akaniambia kuna watu wamekuja na miche, mizuri, inakua upesi, wanasema itanunuliwa hata kabla ya kukomaa, na wanatafuta mahali penye maji karibu. Vijana wanaitaka. "Nimewaambia wasipande bondeni," alisema. "Wananijibu ndiyo babu, ndiyo babu. Unajua ndiyo babu maana yake nini?"

"Maana yake hawakusikii."

"Hawanisikii kwa sababu wananisifu. Wanasema mimi ndiye niliyewaletea maji. Kosa langu wamelisahau, kwa hiyo watalirudia." Alisimama, akaegemea fimbo. Sijawahi kumwona na hofu kiasi kile, hata ndani ya boti.

Bondeni palikuwa na dada mmoja aliyeolewa kwetu miaka ya karibuni, amejaza ndoo yake. Miti ya porini ilikuwa imeota yenyewe, mikuyu michanga na mingine nisiyoijua majina, na maji yalikuwa yanatoka yenyewe pembeni ya jiwe. Akamwamkia mzee kwa heshima, akapiga goti kidogo. Akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye mgeni, "Huyu babu ndiye aliyetuletea haya maji."

"Hapana, mwanangu," Bwana Miti akasema. "Mimi ndiye niliyeyamaliza. Nilipanda milingoti hapa, ikayanywa yote. Watoto waliugua. Muulize huyu."

Yule dada akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Akanigeukia. Uso wa mzee nao ukanigeukia, na lile jicho zima likanikazia. Ilikuwa rahisi sana kusema babu anatania.

"Ni kweli," nikasema. "Tuliyakosa miaka. Mtoto wa dada yangu nusura afe. Ni huyu ndiye aliyesema tupande hapa."

Kicheko kikaisha. Akamtazama mzee juu mpaka chini, kisha visiki vilivyooza, kisha maji. Nilifikiri atakasirika, au ataona haya. Akaweka mkono kiunoni.

"Kumbe ni wewe!" akasema. "Basi babu utatozwa faini. Njoo unitwike."

Bwana Miti akanipa fimbo yake. Akainama, akashika ndoo upande mmoja, dada upande wa pili, mimi nikaitegemeza chini. Ikapanda. Maji yakatumwagikia sote watatu. Dada akaiweka sawa kichwani, akaondoka, na kutoka mbali tukamsikia akimpigia kelele mwenzake aliyekuwa anashuka na ndoo tupu: "Wee! Unamjua aliyemaliza maji hapa? Njoo nikwambie!"

Mzee alisimama palepale shati limeloa, anasikiliza mpaka mwisho.